ETABS na slabu za mbavu: mzigo uende boriti gani?

Kazi zangu nyingi ni majengo ya ghorofa tatu mpaka tano, na slabu zake ni za mbavu (viboriti vyembamba vya zege) na bloku tupu kati yake. Slabu hiyo hubeba upande mmoja tu: mbavu zinalala juu ya boriti mbili, na zile nyingine mbili zinaambulia uzito wao na ukuta uliokaa juu yake. Kwa hiyo programu yoyote ya miundo naipima kwanza kwa hilo: je, naweza kuamua mwenyewe mzigo wa slabu uende boriti gani?

Kwenye ETABS, programu ya kukokotoa miundo ya majengo, naweza, na ndiyo sababu siiachi. Slabu ukiichagulia aina ya membreni, haipindi yenyewe. Inapeleka mzigo moja kwa moja kwenye boriti zinazoizunguka. Usipogusa kitu, mzigo hugawanywa pande mbili, kwa pembetatu na trapeza. Lakini ndani ya sifa za slabu kuna kisanduku cha mgawo wa upande mmoja. Ukikitia alama, mzigo unafuata mhimili wa kwanza wa paneli (kipande kimoja cha slabu kati ya boriti), ule wa mshale mwekundu. Zungusha mshale, mzigo nao unahama.

Chukua paneli ya mita 4 kwa 6, mzigo wa kilonyutoni 8 kwa mita ya mraba, mbavu zikikatiza ile mita 4. Kila boriti ndefu inabeba kilonyutoni 96. Kisanduku kikiachwa wazi, inapewa 64 tu, na kila boriti fupi inapewa 32 ambazo kule saiti hazitafika. Theluthi nzima ya mzigo wa boriti ndefu haikuhesabiwa kwenye nondo zake! Tena ukijumlisha unapata 192 kwa njia zote mbili, kwa hiyo jumla ya mizigo kwenye msingi haitakushtua. Vijana wa ofisini nawasisitizia wasome nguvu ya kukata mwishoni mwa boriti yenyewe. Kwa boriti hii iliyoegemezwa tu kwenye ncha zake, lazima isome 48.

Ningefurahi kisanduku kingekuwa kwenye paneli. Kwa sasa, slabu mbili za unene uleule zinazobeba tofauti zinadai sifa mbili. Kupinda kwa mbavu utakupigia hesabu pembeni, maana membreni haikuambii. Na slabu bapa isiyo na boriti usiipe membreni kabisa, ipe sheli, aina inayopinda yenyewe.