SeaMonkey Composer kwa anayeanza: tulia kwenye picha

Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Pangani, na kwa miaka mitatu matangazo yangu yalikuwa kibao cha barabarani na status ya WhatsApp. Fundi mmoja wa tovuti alinitajia bei, nikakohoa. Mtoto wa kaka yangu akaniletea SeaMonkey kwenye flashi: "Shangazi, hii ya bure, unaandika kama barua tu."

SeaMonkey ni kivinjari, ila ndani yake mna programu ya kutengenezea kurasa, Composer. Ni mambo ya zamani: ukoo wake unafika hadi Netscape ya 1997, na sura haifichi umri. Vitufe vidogo, na hii niliyopewa menyu zake ni Kiingereza kitupu. Lakini kompyuta yangu nayo ni mzee mwenzake, RAM yake GB 2, na Composer inafunguka kabla chai haijapoa. Tena haili bando. Ukurasa wote niliutengeneza usiku, data imezimwa.

Kuandika hakuna shida. Unabofya, unaandika, unakoleza, unasogeza katikati. Chini kuna vichupo vinne. Kimoja, Source, kinaonyesha HTML yenyewe, yaani lugha ya alama ambayo ukurasa umeandikwa nayo. Siku za mwanzo nilikikwepa kama nyumba yenye mbwa.

Kazi ipo kwenye picha. Nilibofya Image, nikachagua picha ya chumba kinachotazama bahari, ikakaa pale inapendeza. Nikaweka zote sita, nikapandisha ukurasa kwenye seva, ile kompyuta ya mtandaoni inayotunza tovuti, nikamtumia kiungo mteja wangu wa Moshi. Akapiga simu: "Mama, vyumba vimehama? Naona maboksi matupu." Kwangu zote zinaonekana! Kumbe ukurasa ulikuwa unazitafuta kwenye diski C ya kompyuta yangu, ndani ya folda ya picha za harusi. Mtu wa Moshi ataifikiaje?

Kwa hiyo, wewe unayeanza, hifadhi ukurasa kabla hujaweka picha hata moja. Kwenye kidirisha cha picha kuna kisanduku cha kuweka tiki, kinachofanya anwani ya picha ifuate mahali ukurasa ulipo. Kama hujahifadhi, kisanduku kimefifia na hakibofyeki. Mimi nilidhani ni kibovu. Fungua folda moja, weka humo ukurasa na picha, majina yawe ya herufi ndogo bila nafasi. Hifadhi, ndipo uite picha. Anwani isomeke chumba1.jpg, basi. Ukiona imeanza na file:/// ujue bado upo nyumbani kwako. Ukipandisha, pandisha folda yote. Ukurasa peke yake hautabeba picha.

Kasoro yake kubwa ni simu. Composer ilizaliwa kabla ya simu hizi za kupangusa, na wageni wangu karibu wote wanaingia kwa simu. Jedwali la bei nililiwekea upana wa pikseli 900, nusu ikatokea nje ya kioo. Nikabadilisha iwe asilimia 100 ya dirisha, likatulia. Herufi nazo zilikuwa kama sisimizi, mpaka mtoto wa kaka aliponitumia mstari huu:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Unabandikwa chini ya <head>, yaani ndani ya Source, ile nyumba yenye mbwa. Nikaingia, nikabandika, nikatoka salama.

Anayetaka duka la mtandaoni lenye malipo asijisumbue na hii, akatafute WordPress na bando la kutosha. Mimi nilitaka bei, picha na namba ya simu. Jana nimepunguza bei ya chumba namba tatu mwenyewe, bila kumpigia mtu.

Nyota nne. Ya tano ni ya mtoto wa kaka, kwa ule mstari.