Staili yangu ya sebene iliharibika katikati ya ibada

Nimekaa na hili dukuduku wiki kadhaa sasa acha nilitoe. Napiga kinanda kwenye kwaya, natumia laptopu na programu ya kutengenezea staili, yaani mdundo wa bendi nzima unaojipiga wenyewe nyuma ya kinanda, jina silitaji. Leseni nimelipia kwa hela yangu, na nililipia kwa sababu moja tu, niweze kutengeneza staili zangu, maana zinazokuja nayo ni bosanova, kantri, walsi, na moja wameiita Afro ambayo haifanani na muziki wowote wa kwetu. Sebene hamna.

Basi nikatengeneza mwenyewe, usiku watoto wakishalala, hedifoni masikioni. Unarekodi kila kitu kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya C, halafu ukibonyeza F au G mkono wa kushoto programu ndo inahamisha noti. Besi unaiambia ifuate mzizi wa kodi, gitaa la rizimu unaliambia lisihame, litafute noti za jirani ili lisirukeruke, na dramu unaziwekea tiki zisiguswe kabisa. Na hiyo kazi unairudia kwa intro, main zote nne (midundo ya kati ya wimbo), fili (vipande vifupi vya kuunganishia), endingi, kila kipande peke yake. Nilipomaliza nikamwita mwalimu wa kwaya asikilize, mzee ambaye kusifia kwake ni kwa nadra, akanyamaza mpaka mwisho akasema "mwanangu, hili gitaa anapiga nani?" Siku ile wangenipa nyota kumi ningejaza zote.

Sasa Jumapili moja. Programu ilikuwa imejiapdeti usiku wake, sikuwaza chochote. Tumeanza wimbo kwenye C safi kabisa, watu wanapiga makofi, tumefika G ikalipuka kelele sijawahi kuisikia kwenye ibada. Apdeti ilikuwa imefuta zile tiki zote za dramu! Kwa hiyo dramu nazo zikawa zinapanda pamoja na kodi. Kila kifaa cha dramu kina namba yake ya noti: hai-hati iliyofungwa, ile sahani ya kuhesabia mdundo, ni noti namba 42, kutoka C kwenda G ni nusu toni 7, inatua 49, na 49 ni krashi, ile sahani kubwa ya kulipuka. Yaani pale palipotakiwa chi-chi-chi-chi ikawa pashh pashh pashh pashh bila kupumzika, kiki na sneya zote zimegeuka tomu. Soprano wakaacha kuimba wakanigeukia. Nikazima dramu tukamalizia na kinanda kitupu, na baada ya ibada mama mmoja akaja kuniuliza kwa upole kama spika zimepasuka.

Hilo ningesamehe jamani, programu zinakosea. Kilichoniuma ni huduma kwa wateja. Nimewaandikia kwa heshima zote, nimeambatanisha faili la staili na rekodi, nimewaonyesha mpaka kosa lilipo. Wamenijibu mistari miwili, kwamba nitumie staili zilizomo kwa sababu hizo zimeshajaribiwa na wataalamu. Basi! Hawakusema wamefungua faili, hata pole hamna. Zilizomo zingenitosha ningelipia kitu gani? Na aliyeniambia hivyo sidhani kama amewahi kusikia sebene ikikolea watu wakainuka kwenye mabenchi.

Nilikaa kuandika MSINUNUE kwa herufi kubwa na bado nusu ya moyo inataka hivyo. Lakini juzi nimerudisha tiki zote kipande kwa kipande, nikapiga C, F, G, F, rizimu likatembea na besi chini yake imetulia, nikapiga zaidi ya saa nzima bila kuona muda. Nimejaribu nyingine mbili, hakuna iliyonipa gitaa lile. Nyota tatu basi. Hapana, nikilisoma tena lile jibu lao ni moja, na hiyo moja ni ya gitaa.

Apdeti ya kujiendesha nimezima, faili liko kwenye flashi mbili. Na wewe unayeitumia kanisani, kabla watu hawajaingia bonyeza G kwanza usikilize hai-hati.