Jason kwa ajenti wanaojirekebisha: nyota nne, ila OWL usiitupe

Watu wakichagua lugha ya kuwekea maarifa ya ajenti, yaani programu inayojiamulia yenyewe cha kufanya, huwa wanaangalia inaweza kueleza mambo mangapi. Mi naangalia inafutaje kitu ambacho jana kilikuwa kweli na leo si kweli tena, maana mfumo unaojirekebisha kazi yake ndo hiyo, hali imebadilika, ajenti wajue, waache mpango wa zamani washike mwingine, na mtu asije kuzima na kuwasha. Kwa kipimo hicho Jason naipa nyota nne kati ya tano. OWL 2, lugha ya kuandikia maana za maneno na uhusiano wake ili kompyuta izielewe, ikiwa peke yake mbili, na bado naitumia, ntaeleza.

Kwa asiyeijua, Jason ni programu huria ya Java, waanzilishi wake ni Rafael Bordini na Jomi Hübner, na inaendesha AgentSpeak, lugha aliyoitoa Anand Rao 1996. Ajenti ana imani, malengo na mipango, basi. Imani ni kitu kifupi tu kama njia(a,b), ila utamu uko kwenye lebo inayobandikwa pembeni kusema habari imetoka wapi: source(percept) kakiona mwenyewe kwa sensa (kihisi chake), source(self) kajiandikia, na likiwa jina la ajenti mwingine ujue kaambiwa. Sasa ile ya sensa, kitu kisipoonekana tena imani inaondoka yenyewe mfumo unapopokea taarifa mpya za sensa, lakini ya kujiandikia inabaki mpaka aifute mwenyewe. Ukizichanganya hizo mbili utakuta roboti wa ghalani anazunguka kukwepa boksi lililoondolewa kitambo na utamlaumu bure.

Halafu kuna mipango. Unaandika +!fika(X) : not imezibwa(X) <- na hatua zake, yaani ukitakiwa kufika X, na huna habari kwamba imezibwa, fanya hivi. Ikigoma, unaweka mpango mwingine unaoanza na -! wa kuokoa jahazi. Hapo kuna not na kuna ~, na jamani msizichanganye: not ni "sijui kama ni kweli", ~ ni "najua si kweli". Kwa ajenti anayefanya kazi huku habari hazijakamilika, tofauti hiyo ndo kila kitu.

Lakini kilichonikamata kabisa ni kwamba mpango nao ni data. Ajenti anaweza kuongeza mpango kwa .add_plan akiwa kazini, kuutoa kwa .remove_plan, au kumtumia mwenzake kwa meseji ya tellHow, kwamba mi nimepata namna bora ya kupita pale, shika hii. Kuna na askHow kwa asiyejua aulize, na untellHow ya kusema ule niliokupa achana nao. Yaani kujirekebisha kumo ndani ya lugha yenyewe, hukuchomeki baadaye.

OWL sasa. Ile OWL 2 ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, ya 2009 ni nzuri sana kwa kukubaliana maana, kwamba "njia" yangu ndo "njia" yako, na risona, programu inayotoa hitimisho kutokana na ulichoandika, inakagua kama madarasa yako (makundi ya vitu) yanagongana. Shida ni kwamba mantiki yake ukiongeza ukweli mpya hitimisho la zamani halibatiliki, mpaka wewe mwenyewe utoe kauli iliyolizaa. Sensa mbili zikipingana ontolojia nzima, yaani yote uliyoandika kwa OWL, inakuwa na mkanganyiko, na kwenye mantiki hiyo mkanganyiko unathibitisha chochote unachotaka. Na mzigo ukiwa mkubwa risona ya OWL 2 DL kamili, ile isiyopunguzwa, inaweza kukuchelewesha vibaya, ndo maana kuna vile vipunguzo vitatu, EL, QL na RL, na ukilazimika kuiendesha wakati ajenti wako kazini anza na hivyo.

Kwa hiyo kwenye ule mzunguko wa MAPE-K walioueleza Kephart na Chess wa IBM mwaka 2003, yaani kuchungulia, kuchambua, kupanga na kutenda, vyote vikichota kwenye maarifa ya pamoja, mi OWL naiweka kwenye msamiati tu, kitu kinachobadilika mara chache, na yanayogeuka kila sekunde yote yanakaa Jason.

Nyota ya tano nimeinyima kwa mambo mawili. Kwanza Jason haikagui mkanganyiko, ajenti anaweza kushika imezibwa(b) na ~imezibwa(b) kwa pamoja na asistuke hata kidogo, hailipuki kama OWL lakini kuamua amwamini nani unaandika mwenyewe kwa zile lebo. La pili linatisha zaidi: usipogusa chochote ajenti anapokea kila anachoambiwa, pamoja na mipango. Ajenti mmoja mbovu akirusha tellHow ya hovyo wenzake wote wanaibeba. Dawa ni kuandika upya kwa Java ile socAcc, sehemu inayoamua meseji ipi ipokelewe, na aisee fanyeni hivyo kabla hamjawasha ajenti wa pili.