Rangi za Vallejo Model Color kwenye diorama ya Mji Mkongwe: maoni yangu baada ya kuzitumia kwa kuta, ngozi na kanga

Wadau wa modeli habari zenu. Nimemaliza diorama yangu, yani mandhari ndogo ya modeli, ya kichochoro cha Mji Mkongwe, skeli ya 1/35 (kila kitu kimepunguzwa mara 35), nyumba mbili zinatazamana, baraza, mlango mmoja wa nakshi na watu saba, na karibu kila kitu pale nimekipaka Vallejo Model Color, kwa hiyo nataka niziongelee hizi rangi kwa kirefu kidogo maana maoni mengi utakayoyakuta yanaongelea vifaru vya Wajerumani tu, sie wenye kuta za chokaa na ngozi nyeusi na kanga hatuguswi kabisa.

Kwa wasiozijua, Vallejo ni kampuni ya Hispania japo ilianzia Marekani, New Jersey, mwaka 1965, ikahamia Hispania 1969. Model Color ndo laini yao ya kupaka kwa brashi, rangi zaidi ya 200, akriliki ya maji, inakaa kwenye kichupa chenye mdomo wa kudondoshea tone moja moja. Vichupa vya zamani vina mililita 17, vipya 18. Huo mdomo wa matone ni jambo kubwa sana, yani unahesabu matone mawili ya hii na moja ya ile, kesho ukitaka rangi ileile unaipata tena. Kwa eabrashi, ile brashi ya kupulizia rangi kwa hewa, wana laini nyingine, Model Air, hiyo sijaigusa kwa kazi hii.

Sasa kwa nini nazipendekeza kwa mtu wa huku kwetu. Ni rangi za maji, haziwaki moto. Ukiagiza rangi za enameli au zenye spiriti ndani yake posta na mashirika ya ndege wanazikataa kwa sababu ya sheria za vitu vinavyowaka, hizi ndugu akitoka Ulaya anakuwekea kwenye begi kubwa linalopakiwa chini ya ndege, basi. Kule kichupa ni kama euro 3. Alafu kuta zangu nimechonga kwenye bodi za povu gumu, zile za kuzuia joto, na povu lile ukilipulizia rangi ya kopo linayeyuka mbele ya macho yako kwa sababu ya kemikali za kopo, akriliki ya maji hailigusi. Hili peke yake lingetosha kunifanya nichague rangi ya maji.

Tuje kwenye kuta, maana hapa ndo raha yenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, juu zimeshikwa na boriti za mikoko, na boriti hazifiki mbali ndo maana vyumba ni vyembamba, mita 3 au pungufu, kwenye 1/35 hiyo ni kama sentimita 8 na nusu tu. Ukuta wa namna hii si mweupe hata siku moja. Uko na njano ya zamani, kijivu, kijani cha ukungu chini ya paa baada ya masika, na pale plasta ilipobanduka unaona jiwe na udongo mwekundu. Nilipaka jipsamu laini juu ya povu, nikakwangua baadhi ya sehemu, kisha nikaanza na Buff (70.976, hiyo ni namba ya rangi kwenye kichupa) ukuta mzima, juu yake nikagongesha kwa kipande cha sponji Pale Sand (70.837) na Ivory (70.918) bila kufunika chote. Baada ya hapo rangi iliyozimuliwa na maji mengi, kahawia na kijani kidogo, naiacha itiririke yenyewe kutoka juu kwenda chini. Model Color inakubali maji vizuri sana, unaweza kuweka tabaka nyembamba nyingi na zile za chini bado zinaonekana, ukuta unapata umri. Maji yenyewe tumia ya kunywa, ya kisima cha pwani yana chumvi na yakikauka yanaacha alama nyeupe.

Ngozi sasa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu nimeona modeli nzuri sana za Waafrika zimeharibika usoni. Kichupa cha Flat Flesh (70.955) kimetengenezwa kwa ngozi ya Mzungu, na ukikichanganya na kahawia ukafanya ndo rangi ya kumulikia, yani ya sehemu zinazopigwa na mwanga, kwenye sura ya mtu mweusi unapata rangi ya majivu, mtu anaonekana mgonjwa. Ngozi yetu mwanga wake ni wa joto, unaelekea kwenye machungwa na wekundu. Mimi naanza na Chocolate Brown (70.872) iliyotiwa tone la German Camouflage Black Brown (70.822), kwenye vivuli hiyo ya pili peke yake na chembe ya Dark Prussian Blue (70.899), kisha napanda na Mahogany Brown (70.846), napanda tena na Orange Brown (70.981), na mwisho kabisa chembe ya Flat Flesh ndani ya hiyo Orange Brown, puani, kwenye shavu na juu ya nyusi basi. Nyeupe usiitie kabisa. Viganja na nyayo vipe rangi nyepesi yenye wekundu, watu wengi wanasahau. Na ukishamaliza vanishi ya mati (isiyong'aa), rudisha satini (yenye mng'ao hafifu) kidogo kwenye paji la uso, maana jua la Unguja linang'arisha uso wa mtu na mati tupu inamfanya awe kama udongo mkavu. Kichochoroni Unguja huwezi kukuta ngozi moja, kuna mwenye asili ya Kihindi, Mngazija, Mwarabu, mtu wa bara, kwa hiyo badilisha tu uwiano wa matone, mfumo ni uleule.

Vijisanamu vyenyewe ni vya plastiki, raia wa Ulaya wenye suruali na makoti, mtu wa mita 1.75 anakuwa sentimita 5. Kanzu na mabuibui nimefinyanga juu yao kwa epoksi ya kuchanganya sehemu mbili. Kanzu naipaka Ivory yenye kijivu kidogo kwenye mikunjo, nyeupe kamili mabegani tu. Buibui usilipake jeusi moja kwa moja, litakufa, anza na nyeusi yenye bluu kidogo alafu mulika mikunjo kwa Black Grey (70.862).

Kanga imenipa kazi kuliko vyote, ikanipa furaha pia. Kanga ya mita 1.5 inakuwa sentimita 4 na kidogo. Nilichagua kisutu kwa mama aliyekaa barazani, nyeupe kwanza kote, kisha Flat Red (70.957), kisha nyeusi, pindo nikalianza kabla ya mji, ile sehemu ya katikati, ili mistari isipinde. Kwa kanga yenye jina, yale maandishi yake hayaandikiki kwa ukubwa huo, weka tu mstari wa vidoti vyeusi chini ya mji, jicho litamalizia. Model Color inafunika vizuri na haina mng'ao, mistari inakaa safi.

Sasa mapungufu, yapo. Rangi hii haing'ang'anii plastiki tupu, kucha tu inaibandua, kwa hiyo prima, rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine, ni lazima na vanishi mwishoni ni lazima, hilo ongeza kwenye bajeti. Inatuama chupani, tikisa mpaka mkono uchoke. Dhahabu na shaba za laini hii chembe zake ni kubwa, misumari ya shaba ya mlango wangu imehitaji tabaka kadhaa na bado naona ningetumia laini nyingine ya metali. Na joto letu linaikausha kwenye brashi kabla hujafika shavuni, zima feni, tengeneza paleti ya unyevu, chombo cha chakula chenye mfuniko, sponji yenye maji, juu karatasi ya kuokea, rangi inabaki hai hata kesho yake.

Kama unaanza na hela ni kidogo usinunue seti kubwa, zina rangi za kijeshi nyingi ambazo kwenye mtaa wa Kiswahili hazina kazi. Chukua hizo kahawia nne za ngozi, Buff, Ivory, nyeupe, nyeusi, Flat Red, bluu moja iliyokoza, prima ya kijivu na vanishi ya mati. Kijani cha ukungu utakichanganya mwenyewe kwa nyeusi na njano yoyote. Mimi nazipa 4.5 kwa 5, hiyo nusu nimeikata kwa sababu ya shaba.