Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue: anza na DC (mkuu wa wilaya) kabla ya Gavana

Nimemaliza siku sita katika chumba cha kusomea cha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, karibu na sanamu ya Tom Mboya, nikifuatilia waraka mmoja tu: ule uliotolewa chini ya Gavana Edward Northey mwaka 1919 kuhusu kazi za Waafrika kwenye mashamba ya walowezi, ukazua barua nyingi kati ya Nairobi na London. Namwandikia mwalimu mwenzangu, mwanafunzi, au yeyote ambaye babu yake alivishwa kipande (cheti cha usajili wa mfanyakazi) shingoni na angependa kujua amri za namna hiyo zilipikwa wapi.

Wapita njia wengi wanalijua jengo hilo kwa ukumbi wa chini wenye sanaa alizokusanya Joseph Murumbi. Kazi ya majalada iko juu. Unajaza fomu ya ombi, unaandika alama ya jalada, kisha unasubiri liletwe kutoka stoo. Mhudumu aliyenipokea aliniuliza natafuta nini, nikamjibu kwamba nataka barua za Gavana na Waziri wa Makoloni. "Mwalimu, usianze na Gavana," akaniambia kwa upole. "Anza na DC. Amri ikishafika kwa DC ndipo utajua ilikuwa na maana gani." Ushauri huo uliniokolea siku mbili nzima, na ndio unaonifanya niisifu huduma ya pale bila kusita, kwa sababu aliyenihudumia anayajua majalada yake.

Chukua waraka wenyewe. Ulitolewa tarehe 23 Oktoba 1919 na kutiwa saini na John Ainsworth, Kamishna Mkuu wa Masuala ya Wenyeji. Uliwataka maofisa watumie kila ushawishi halali ili wanaume wenye nguvu wajitokeze kufanya kazi, na ukaagiza DC aweke orodha ya machifu na wazee wa vijiji waliosaidia na ya wale wasiosaidia. Ukiusoma peke yake, neno "halali" linakutuliza. Ukiusoma kwa jicho la chifu anayejua kwamba jina lake linaandikwa, unaona mara moja kwamba hakuachiwa nafasi ya kukataa. Maaskofu wa Mombasa na Uganda walilalamika. Lord Milner, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, aliitetea serikali ya Nairobi mwaka 1920, na ilibidi kungoja hadi Septemba 1921 ndipo Winston Churchill, aliyemrithi, alipoagiza kwamba maofisa wasijihusishe tena na kuwatafutia waajiri binafsi wafanyakazi. Karibu miaka miwili ilipita, na katika muda huo watu walikuwa tayari wamekwenda mashambani.

Kilichonigusa zaidi ni karatasi zenyewe. Nakala moja ya kaboni ni nyembamba hata vidole vinaonekana upande wa pili, pini iliyoishikilia imeacha alama ya kutu, na pambizoni mtu amepiga mstari kwa penseli ya buluu kisha akatia herufi za jina lake. Halafu kuna lugha ya barua hizo: Gavana humwandikia Waziri kwamba ana heshima ya kukiri kupokea waraka wake, na humaliza kwa kujiita mtumishi wake mtiifu na mnyenyekevu, hata pale habari iliyo katikati inahusu kuwatoa wanaume majumbani mwao.

Ujue pia kwamba barua ni mazungumzo, na hapa utausikia zaidi upande wa Nairobi. Barua zilizopokewa London, pamoja na maoni ambayo makarani wa wizara waliyaandika juu yake, ziko Kew, London, kwenye makavazi ya taifa ya Uingereza, katika mfululizo wa CO 533, unaoanza mwaka 1905, eneo hili lilipotolewa mikononi mwa Wizara ya Mambo ya Nje na kukabidhiwa Wizara ya Makoloni. Kwa wanaotafuta habari za Gavana Evelyn Baring na miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, pengo ni kubwa zaidi. Mwaka 1961 Waziri Iain Macleod aliagiza kwamba nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza zisikabidhiwe kwa serikali mpya. Majalada yapatayo 1,500 ya Kenya yalibaki yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, hadi 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London ilipoyafichua, na sasa yako Kew chini ya alama FCO 141. Yaliandikwa hapa, kuhusu watu wa hapa, na jambo hilo linaniuma.

Tahadhari moja kuhusu nakala. Nilipeleka zangu kwenye duka la fotokopi katikati ya mji ili zirudufiwe na kujaladiwa, nao, bila kuniuliza, wakapunguza kingo zote ili kurasa zilingane. Mstari wa penseli ya buluu ukaenda na vipande vilivyokatwa. Waambieni mapema, tena kwa maandishi, kwamba pambizo zisiguswe.

Wiki ijayo narudi Moi Avenue kutafuta waraka wa Churchill ulivyopokelewa na ma-DC wa Kiambu na Fort Hall (sasa Murang'a), na nimeshaandika alama za majalada nitakayoanza nayo.