Godoro la inchi nane kutoka Ngamiani, baada ya wageni, joto na masika

Kwa mwenye haraka: godoro hili ni zuri, nitalinunua tena, na duka nalisifu kwa moyo mmoja. Ni la sponji, futi 5 kwa 6, unene inchi 8, lina kava ya zipu, na nililipa shilingi laki mbili na themanini. Ninalo chumbani kwangu, na mengine ya aina hiyo hiyo yako kwenye vyumba vya wageni. Limepita kaskazi, likapita masika, na ukilipitishia kiganja halina bonde hata pale anapolala mtu mzito.

Nina nyumba ndogo ya wageni huku Raskazone, Tanga. Wanalala kwangu madereva wa malori, watu wa semina, jamaa wanaokuja harusini, na wanaouguza ndugu zao hospitali ya Bombo. Mgeni aliyelala vibaya mara nyingi halitaji godoro. Atasema chumba kina joto, au mbu wamemsumbua, au jogoo wa jirani hamwachi mtu. Ila nikimwona anainuka kwenye kiti cha chai ameshika kiuno, najua kitanda alichotoka. Ndiyo maana godoro nalitazama kwa jicho kali, na ndiyo maana naandika kwa urefu.

Duka liko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, limepakana na fundi baiskeli upande mmoja na muuza nafaka upande wa pili. Halina kibao kikubwa. Kijana anayeuza ana adabu za watu wa mji huu: shikamoo kwanza, kiti, maji ya kunywa, halafu ndiyo biashara. Nilipomwambia nataka la kulalia watu wazima wa kila aina, hakunikimbizia kwenye lile la bei kubwa. Alitandika shuka safi juu ya godoro, akasema, "Lala, mama. Lala kama unavyolala kwako, usibonyeze kwa mkono." Kisha akatoka nje kunipa nafasi.

Hilo la kulala dukani wengi wanaliona aibu, na maduka mengine hawakuruhusu kabisa, wanataka ulipe ukiwa umelishika kwa kidole. Kiganja hakijui kitu kuhusu mgongo. Jilaze ubavu unaoulalia siku zote, tulia mpaka misuli ilegee, halafu mwenzio akutazame kwa nyuma: uti wa mgongo uwe umenyooka toka shingoni mpaka nyonga. Nyonga ikititia chini kuliko bega, sponji ni laini mno kwako. Ukilala chali na mkono ukapita chini ya kiuno bila kugusa chochote, ni gumu mno. Mume wangu ni mtu wa mwili, mimi mwembamba, kwa hiyo nilimwita naye ajilaze, tuone kama nitaporomokea upande wake. Sikuporomoka. Watu wawili wanaolala kitanda kimoja waende dukani wawili.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue, kwa sababu ndilo linalotenganisha godoro la miaka na godoro la msimu. Sponji hununuliwa kwa uzito, si kwa unene. Inchi 8 za sponji nyepesi ni hewa iliyofungwa ndani ya kitambaa kizuri. Wauzaji wote watakuambia la kwao ni hai densiti, yaani sponji nzito iliyoshiba, na neno hilo halina gharama kulitamka. Mwambie alipime. Kijana wangu aliazima mzani wa jirani muuza nafaka, tukaliweka juu yake likiwa limesimama: kilo 17 na kava yake. Tukaondoa kilo moja na nusu ya kava, ikabaki sponji ya kilo 15 na nusu.

Hesabu yake haimshindi mtu. Futi 5 mara futi 6 ni 30, na inchi 8 ni theluthi mbili za futi, basi godoro hilo lina futi za ujazo 20. Meta moja ya ujazo ina futi za ujazo 35 na kidogo. Chukua kilo za sponji, zidisha kwa 35, gawanya kwa 20. Hapo ilitoka 27, yaani kilo 27 kwa kila meta ya ujazo, na hiyo ndiyo densiti yenyewe. Kwa mtu mzima anayelalia godoro kila usiku, mimi sishuki chini ya 25. Tulipima na jingine la bei nafuu, kimo kile kile, ua lake kubwa zuri: densiti ikatoka chini ya 17. Kijana mwenyewe akasema hilo humuuzia mwenye chumba cha mgeni wa mara moja moja, au mwanafunzi mdogo, na hujitahidi kumwambia mnunuzi kabla hajalipa. Kwa neno hilo nilimwamini.

Mzani peke yake lakini unaweza kukudanganya. Yapo magodoro ya mabaki, vipande vya sponji vilivyosagwa, vikachanganywa na gundi na kushindiliwa. Hayo ni mazito kweli kweli, na ugumu wake si wa kuulalia ubavu usiku kucha. Fungua zipu uchungulie: ukiona madoadoa ya rangi rangi, pinki, kijani, manjano, hayo ni mabaki. Kama kava imeshonwa pande zote na muuzaji hataki ufungue hata kona, mimi huaga nikaondoka.

Na densiti si ugumu. Sponji nzito inaweza kutengenezwa laini, nyepesi ikatengenezwa ngumu. Densiti inakuambia godoro litadumu kiasi gani, na mgongo wako ndio utakaokuambia kama ugumu unakufaa. Nalisisitiza hili kwa sababu ya ile imani kwamba mwenye maumivu ya kiuno alale kwenye kitu kigumu kama sakafu. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania kwa watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Baada ya siku 90, waliolalia godoro la ugumu wa wastani walikuwa na nafuu zaidi kuliko waliopewa godoro gumu. Hili langu ni la wastani. Wageni wazee, ambao ndio huamka na viungo vilivyokaza, wameacha kuniomba blanketi la kutandika chini.

Joto ndilo lililonipa wasiwasi. Sponji hushika joto la mwili, na Januari huku pwani usiku haupoi. Mwili unapoingia usingizini unahitaji kupoa kidogo. Ukizuiwa, unageuka geuka mpaka adhana. Dawa ya kwanza ni kuondoa nailoni ya kiwandani. Nyumba nyingi nilizoingia, nailoni bado imo chini ya shuka, eti godoro lisichafuke. Jasho halina pa kwenda, linakaa hapo hapo, na baada ya muda utasikia uvundo. Vua nailoni siku ile ile, liache godoro jipya chumba chenye madirisha wazi mpaka harufu ya dawa iishe, halafu livalishe kava ya pamba inayofulika. Shuka nayo iwe ya pamba. Hizi shuka za utelezi ni nzuri kutazama tu.

Kwa upande huu wa joto, haki yake niseme, sponji haijaifikia sufi. Mama mkwe wangu hataki kusikia habari za kiwanda. Analalia godoro la sufi lililoshonwa kwa kitambaa cha marekani, na chumba chake nikiingia alasiri kulala kidogo, nalala kweli. Sufi ya mti wa msufi ina nyuzi zenye uwazi ndani na nta kidogo juu yake, ndiyo maana ni nyepesi na hainywi maji kwa urahisi. Zamani ilijazwa hata kwenye maboya ya kujiokolea baharini. Ubaya wake inajishindilia. Lazima ipatikane siku ya jua, godoro lifumuliwe, sufi ichambuliwe kwa mkono ikiwa imetolewa kokwa zote, irudishwe, ishonwe upya kwa sindano ndefu, na mafundi wa kazi hiyo wanapungua. Yeye ana subira na ana wajukuu. Mwenye nyumba ya wageni hawezi. Lakini mito yangu yote ni ya sufi na sitaibadilisha.

La springi nimeliondoa. Hewa ya bahari ina chumvi, na chuma kikishaanza kutu ndani ya godoro, kila mgeni akigeuka chumba cha pili wanasikia.

Godoro zuri juu ya kitanda kibaya ni hasara. Chaga zikiachana sana, sponji inaingia kati yake na kuvunjika taratibu. Mimi nataka nafasi isizidi inchi 3 kati ya chaga na chaga, na pawe na mhimili wa katikati wenye mguu kwa kitanda cha futi 5. Wanaotandika mbao nzima chini ya godoro, watoboe matundu. Masika ya mwaka huu kitanda kimoja chenye mbao nzima kilinionyesha jambo: tulipoinua godoro asubuhi, ubao ulikuwa na unyevu, na upande wa chini wa kava palikuwa na madoa madogo ya kuvu, meusi, yamejipanga kufuata umbo la mtu, begani na nyongani. Sponji yenyewe ilikuwa salama. Kava ilifuliwa kwa maji ya moto, ikakauka, ikarudi. Seremala akaja kutoboa ubao mchana ule ule, na mwaka mzima wa matumizi haujawahi kunipa sababu nyingine ya kulinyanyua godoro hilo kwa hofu.

Utunzaji wangu ndio huu. Mgeni akiondoka, kitanda hakitandikwi papo hapo. Shuka zinatolewa, dirisha linafunguliwa, godoro linapumua mpaka mchana. Ukitandika kitanda bado kina joto la mtu, umeufungia unyevu ndani, na wale wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho, wanaowasha pua na kuamsha pumu, hupenda unyevu huo. Kila baada ya miezi michache tunalizungusha, kichwani kwende miguuni, na kwa kuwa hili ni sponji moja juu mpaka chini, tunaligeuza na tumbo pia. Lenye tabaka laini upande mmoja, hilo unalizungusha tu. Kuanika sawa, lakini kivulini penye upepo. Sufi ndiyo ya kuiweka kwenye jua kali ikaumuka. Sponji ikipigwa na jua wazi kwa muda inageuka manjano na kuanza kumeguka.

Mtoto akikojoa, usimwage maji. Kandamiza kitambaa kikavu mpaka kinyonye, pangusa kwa maji yenye siki kidogo, kandamiza tena, nyunyiza magadi ya kuokea, acha mpaka ikauke, kisha kung'uta. Sponji iliyoloweshwa huku kwetu, wakati wa masika, inaweza isikauke mpaka inuke.

Kunguni nawatafuta kwa tochi kwenye mishono ya kava na kwenye maungio ya kitanda, maana hujificha kwenye mbao pia, si kwenye godoro tu. Dalili ni vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu. Kava ya zipu inanisaidia sana hapa: inavuliwa, inafuliwa kwa maji ya moto, na chaga zinamwagiwa maji yanayochemka.

Na jambo moja nawaambia wageni wangu wote bila kuona haya: dawa ya mbu ya kuwasha haiwekwi chini ya kitanda. Sponji ikishika moto inakwenda upesi na moshi wake una sumu, mtu anaweza asiwahi kufika mlangoni. Kwangu kila kitanda kina chandarua, na anayetaka kuwasha dawa anapewa kisahani cha bati akiweke sakafuni mbali na kitanda.

Malalamiko yangu kwa duka ni mawili. Zipu ya kava ni ya plastiki nyembamba na moja imeshang'oka meno. Ilibidi fundi cherehani aweke ya chuma. La pili ni usafiri. Waliniletea kijana wa guta, akataka kulikunja na kulifunga kamba katikati, nikakataa, akasema ndivyo wanavyofanya siku zote. Sponji iliyokazwa kamba inaweza kubaki na alama. Simamia mwenyewe lipakiwe limelala, lifunikwe turubai kama mawingu yametanda.

Risiti wanatoa, na waliniandikia kwa mkono tarehe na muda wa dhamana nyuma yake bila mimi kuomba. Punguzo nilipata kwa kuchukua zaidi ya moja. La moja hawashuki sana, na kwa mzani ule sikuona sababu ya kubishana. Nenda asubuhi, jua halijalichoma bati la duka, uweze kujilaza kwa utulivu. Ijumaa wanafunga mchana kwa swala na hufungua tena kwenye saa nane.