Fundi aliyeizika Switch Lite ya mwanangu ikiwa hai

Nyota moja. Na hiyo moja ni kwa kuwa sifuri haikubali. Nikimaliza kuandika huenda nikaongeza, maana pale dukani kuna kijana mmoja anayeniharibia hasira zangu, lakini kwa sasa niacheni kwanza nimtoe huyu mtu moyoni.

Duka silitaji. Liko Kariakoo, ghorofani, kwenye moja ya yale majengo ambayo kuanzia mlangoni mpaka kwenye ngazi ni simu, kava na chaja tupu. Nje wameandika kwa herufi kubwa kwamba wanatengeneza gemu aina zote. Hilo bango ndilo lililonipandisha ngazi, kwa sababu mafundi simu wa mtaani kwetu walipoiona Switch Lite, ile mashine ya mkononi ya kuchezea gemu ya kampuni ya Nintendo, kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake.

Mashine yenyewe ni Switch Lite ya mwanangu, aliletewa na mjomba wake kutoka Uingereza. Alipokwenda bweni ikabaki kabatini, shule yao haitaki hata redio. Karudi likizo, anabonyeza, kimya. Anachomeka chaja, kimya. Kioo cheusi tii. Ugonjwa wote ndio huo. Haikudondoka, haikumwagikiwa maji, hakuna aliyeikalia.

Tumefika, bosi yuko nyuma ya kaunta, simu kaibana begani, anabishana na mtu kuhusu mzigo wa kava. Mwanangu akasema, "Shikamoo." Kimya. Nikadhani hajasikia. Mtoto akarudia kwa sauti. Bosi akamtazama usoni, kabisa kabisa usoni, kisha akanyoosha mkono kupokea mashine. Marahaba haikutoka. Jamani, marahaba inauzwa shilingi ngapi siku hizi?

Akabonyeza kitufe mara moja. Akachomeka waya wa chaja ya simu uliokuwa unaning'inia pale kaunta, ule uliozungushiwa soltepu shingoni. Akangoja muda wa kumalizia sentensi yake kwenye simu, akachomoa.

"Bodi imekufa hii." Yaani ile sahani kuu ya saketi ndani ya mashine.

"Fundi, umejuaje, na hata hujaifungua?"

"Mama, hivi ni vitu vya watoto. Nikikueleza utaelewa?"

Hapo ndipo aliponiwasha. Mimi nimejenga nyumba. Nimesimamia fundi bomba, fundi umeme, fundi paa na yule wa tailizi aliyetoroka na ndoo zangu. Fundi anayejua kazi ukimuuliza swali ananawiri, atakueleza mpaka umwombe anyamaze. Anayekasirika ukimuuliza, jua hana cha kukueleza. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema kufungua ni 20,000, niache mashine, nije kesho.

Kesho za mafundi mnazifahamu, sina haja ya kuzisimulia. Siku niliyompata akaniambia bodi ibadilishwe, 350,000, ya kuagiza. Nikamuuliza, na michezo ya mtoto? Akajibu, "Iko kwenye kadi, mama, usiwe na wasiwasi."

Sikilizeni vizuri hapa wenye watoto. Kwenye Switch, ile kadi ndogo ya kumbukumbu hubeba michezo uliyopakua, picha na video. Mahali mtoto alipofikia katika mchezo hapakai kwenye kadi, panakaa kwenye kumbukumbu ya ndani ya mashine. Kuna njia ya kuhifadhi nje kupitia intaneti, ila ni kwa wanaolipia huduma ya Nintendo, na sisi hatulipii, na hata kwa wanaolipia si kila mchezo unakubali. Kwa hiyo bodi mpya kwetu maana yake mtoto aanze moja. Mwanangu ndiye aliyelisema hili, pale pale kaunta, kwa upole, na anajua kuliko bango la nje. Bosi akacheka. Akaniambia, "Basi niuzie kama spea, nakupa 40,000."

Mnaona mchezo? Kitu kimekufa, hakina thamani, lakini yeye yuko tayari kutoa pesa mfukoni hapo hapo. Sisemi kwamba ndiyo biashara yake. Sina ushahidi. Ninasema tu kwamba 40,000 aliitaja haraka mno.

Akatoka kwenda kula. Ndipo yule kijana, aliyekuwa kwenye meza ya pembeni anachomelea simu ya mtu, akanyanyuka. "Shikamoo mama." Akamgeukia na mwanangu, "Mambo vipi, bwana mdogo?" Mnisamehe, lakini nilikaribia kumkumbatia. Akatoa kijidude kidogo chenye namba, akakichomeka katikati ya waya wa chaji na mashine. Namba zikakaa kwenye sifuri, zikapanda kidogo, zikashuka, zikapanda tena.

"Unaona? Inakula. Kidogo, lakini inakula. Bodi ikifa haili hivi. Betri imelala tu."

Akanieleza, na mimi asiyeelewa nikaelewa. Betri ya lithiamu haikai bure hata kifaa kikiwa kimezimwa, inajipunguza taratibu, na ikiachwa miezi na miezi inashuka mpaka chini ya kiwango cha kuweza kuwasha chochote. Ukiichomeka, saketi ya chaji haiimwagii umeme kwa nguvu, kwa usalama wake, inaidondoshea kidogo kidogo mpaka ipate uhai wa kupokea chaji ya kawaida. Muda wote huo kioo hakionyeshi kitu, hata alama ya betri. Mtu mwenye haraka anachomoa na kutangaza msiba. Baadaye nilisoma kwamba Nintendo wenyewe wanashauri mashine ichajiwe walau mara moja kila miezi 6 hata kama haichezwi, la sivyo inaweza kufika mahali isichajike tena. Kwa hiyo hatari ilikuwepo kweli, ila ilikuwa hatari ya betri, ambayo inabadilishwa kwa bei ya chini kuliko bodi na haigusi kitu cha mtoto.

Akaniambia kwa sauti ya chini nikachukue mashine yangu, niende nyumbani, nitumie chaja yake ya asili. Hiyo chaja nayo kwanza ichomolewe ukutani, ikae sekunde 30 au zaidi, maana huwa inajifungia ikihisi hitilafu, halafu ndipo irudishwe. Mashine iachwe kwenye chaji saa nyingi bila kuchunguliwa. Kisha kitufe cha kuwashia kishikiliwe sekunde 12 na zaidi, kiachiwe, kibonyezwe mara moja tu. Mgongo ukionekana umevimba, nisiguse chaji kabisa, nimrudishie. Nikataka kumpa chochote, akakataa kwa macho, bosi alikuwa anapanda ngazi.

Tumefika nyumbani tumeichomeka. Jioni hakuna kitu. Wakati wa kulala hakuna kitu, mtoto kakaa sebuleni kama mfiwa. Nikamfukuza akalale. Alfajiri nimeamka kuswali, nikaishika ile sekunde 12 nikihesabu kwa mdomo, nikaachia, nikabonyeza. Alama ya betri. Ndogo, katikati ya kioo. Nikapiga kelele nyumba nzima ikaamka. Kijiji chake cha mchezoni kipo, na nyasi zimeota kila mahali kwa kutotembelewa.

Sasa hapo nilikuwa tayari kusamehe. Kweli nilikuwa nimeshaamua: nyota tatu, moja ya kijana, moja ya kijana, na moja ya kijana. Mtu mmoja asiye na adabu haharibu duka zima, na 20,000 si mwisho wa dunia. Hata nilianza kujiambia labda yule bosi ana mambo yake, biashara ya kava ngumu.

Kisha mwanangu akaigeuza mashine kulia, na ndani kukalia kach. Akaigeuza kushoto, kach.

Nikaiweka chini ya taa. Skrubu za nyuma za Switch zina kichwa chenye mkato wa herufi Y, bisibisi ya kawaida haiingii, inataka ya kwake. Moja haipo kabisa. Nyingine imechunwa kichwa, kuonyesha kwamba mtu alilazimisha kwa bisibisi isiyo yake mpaka chuma kikalainika. Na ile iliyokosekana, au nyingine ya ndani, Mungu anajua, inazurura humo ndani kwenye saketi. Kipande cha chuma! Ndani ya kitu kinachopita umeme! Kikilala vibaya juu ya bodi kikagusanisha pasipotakiwa, bodi itakufa kweli, na bosi atasema, si nilikwambia, mama? Tumeizima upesi, tumeichomoa, mtoto kaambiwa asiitikise. Tulichokuwa nacho kizima kikiwa kimelala, sasa kimeamka kikiwa na risasi tumboni.

Kwa hiyo nirudi kwenye nyota. Moja. Yule kijana simpi nyota ya duka, maana duka si lake. Kumtafuta nitamtafuta, nimeshampata kupitia mwenzake wa ngazi ya chini, amesema atakuja mwenyewe Jumapili na bisibisi yake aitoe hiyo skrubu, na safari hii atapokea pesa atake asitake. Ukilazimika kwenda duka lile, nenda saa ya chakula, meza ya pembeni. Au usiende. Kwanza fanya yale ya chaja nyumbani, hayana gharama, na kabla hujamwachia mtu yeyote mashine piga picha mgongo wake, kila skrubu, mbele yake aone.

Bosi nimemwandikia kuhusu 20,000 yangu. Sikumtukana, nilimwambia tu mashine inawaka, bodi haikufa, na skrubu zangu hazikurudi. Kajibu haraka, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane: "Mama, kufungua ni kufungua."

Sawa, fundi. Na kufunga je?